Kaunta ya kidole, saa ya mtetemo, karatasi au kishikwambi? Tathmini ya vifaa vya kumbukumbu kwa mhudumu wa tiba ya tabia

Mhudumu wa tiba ya tabia anayekaa na mtoto mwenye usonji kwa saa 3 ana mikono miwili, na yote ina kazi. Mmoja umeshika kadi za picha, mwingine uko tayari kuzuia ngumi isifike usoni. Kumbukumbu anatakiwa aziandike kwa mkono wa tatu. Biashara yote ya vifaa vya kukusanyia takwimu za tiba hii, kuanzia kaunta ya dola chache hadi programu ya kulipiwa kila mwezi, imejengwa juu ya mkono huo usiokuwepo.

Tathmini hii inahusu vifaa vinne vinavyotumika sana: kaunta ya kubonyeza, saa ya mtetemo, ubao wa kubania karatasi, na kishikwambi chenye programu ya kliniki. Tumevipima kwa swali moja: tabia ikitokea, zinapita sekunde ngapi hadi alama iwekwe, na macho ya mhudumu yanamwacha mtoto kwa muda gani? Kifaa kinachosubirisha alama hadi mwisho wa kipindi hakirekodi tena. Kinamwachia mtu akumbuke, na kichwa kikikumbuka hupenda kuzungusha hesabu ziwe 5, 10 na 15. Ukiona karatasi ya wiki nzima yenye tarakimu hizo tu, ujue iliandikwa ndani ya gari.

Marekani, ambako kazi hii ina cheti chake, mhudumu huyu huitwa RBT, yaani fundi wa tabia aliyesajiliwa. BACB, bodi inayotoa vyeti vya wachambuzi wa tabia, ilianzisha cheti hicho mwaka 2014: mafunzo ya saa 40, upimaji wa umahiri, mtihani, halafu usimamizi usiopungua asilimia 5 ya saa za tiba kila mwezi. RBT hapangi tiba. Anatekeleza mpango ulioandikwa na msimamizi wake, mara nyingi mwenye cheti cha BCBA, yaani mchambuzi wa tabia aliyethibitishwa na bodi hiyo, na analeta takwimu. Msimamizi haketi na mtoto kila siku, kwa hiyo anabadilisha mpango kwa kutazama grafu. Grafu ikidanganya, mtoto anaongezewa kazi asiyoiweza, au anakaa miezi na mbinu isiyomsaidia.

Tuanze na kaunta, kwa sababu ndiyo rahisi na ndiyo inayodharauliwa. Ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ya chuma, tarakimu nne, inahesabu hadi 9999, ile wanayoshika walinzi wa milangoni kuhesabu watu. Ya pili ni ya kuvaa kidoleni, ina kioo kidogo na betri ya kitufe. Msomaji wa Mombasa au Zanzibar ameiona dukani ikiuzwa kama tasbihi ya kidijitali, na ni kifaa kilekile. Kwa tabia fupi zenye mwanzo na mwisho unaoonekana, kama kupiga, kuuma, kutupa vitu au kuomba kitu kwa neno, hakuna kinachoishinda. Alama inawekwa chini ya sekunde moja na macho hayatoki kwa mtoto.

Ya chuma ina kasoro ya mlio. Mtoto mwenye masikio makali huanza kuusikia kila akipiga, na mlio unageuka kuwa jibu: kwa mmoja ni burudani anayoitafuta, kwa mwingine ni ishara kwamba anahesabiwa, naye anatulia mpaka kaunta iwekwe mezani. Hapo kifaa kinabadilisha kile kinachokipima. Kasoro ya pili ni kitasa cha kurudishia sifuri kilicho pembeni. Mtoto akikishika, au kikisuguana na mfuko wa suruali, hesabu ya saa nzima imepotea. Ya kidole haina kelele nyingi, lakini kitufe cha kufuta kiko karibu na cha kuhesabia, na za bei ya chini sana huruka mbili kwa mbonyezo mmoja. Ijaribu kabla ya kuitumia: bonyeza mara 50 bila kutazama, kisha soma. Ikionyesha 53, irudishe dukani.

Tabia mbili zinahitaji kaunta mbili. Ya kulia kwa "kupiga", ya kushoto kwa "kuomba", na zisibadilishane siku nyingine. Zaidi ya mbili usijaribu; vidole vitachanganya. Asiye na kaunta abandike utepe wa karatasi, ule wa mafundi rangi, juu ya paja na kupiga vistari kwa kalamu, au ahamishe maharage kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Maharage yana faida ambayo kaunta haina: hayawezi kurudishwa sifuri kwa bahati mbaya.

Kosa kubwa la kaunta haliko kwenye kaunta. Inatoa namba bila muda. Mtoto aliyepiga mara 12 Jumatatu na mara 9 Jumanne anaonekana ametulia kidogo. Lakini kama Jumatatu kipindi kilikuwa cha saa 2 na Jumanne dakika 45, basi Jumatatu alipiga mara 6 kwa saa na Jumanne mara 12 kwa saa. Tabia imeongezeka maradufu, na karatasi inasema imepungua. Kwa hiyo kila hesabu iandikwe pamoja na saa ya kuanza na ya kumaliza kuangalia, wala si saa za kipindi kizima ikiwa mtoto alitumia dakika 20 na mtaalamu wa matamshi.

Saa ya mtetemo hufanya kazi nyingine. Ni kidude cha kuvaa kiunoni au mfukoni ambacho hutetemeka kila muda uliopangwa ukipita, bila mlio. Jina linalojulikana zaidi ni MotivAider, ambayo inaweza kuwekwa muda usiobadilika au unaobadilika-badilika, na nguvu ya mtetemo inarekebishwa. Saa nyingi za mkononi za kisasa hufanya hivyo pia. Inatumika pale ambapo kuhesabu tukio mojamoja hakuwezekani: mtoto anayetikisa mikono mfululizo, au kukaa kwenye kazi, tabia ambayo haina mara moja wala mara mbili.

Hapa lazima mhudumu ajue mpango unataka njia ipi, kwa sababu kila njia ina upotofu wake. Ukiweka alama iwapo tabia ilitokea hata kidogo ndani ya kipande cha muda, utaongeza chumvi: mtoto anayepiga ukelele wa sekunde 2 katika kila dakika, kwa dakika 10, atapata asilimia 100 ya vipande vya dakika moja, ilhali amepiga kelele sekunde 20 tu kati ya 600. Ukiweka alama iwapo tabia ilijaza kipande chote, utapunguza: anayelia sekunde 50 za kila dakika atapata sifuri. Njia ya tatu, ya kutazama wakati uleule saa inapotetemeka na kuandika alichokuwa akifanya sekunde hiyo, ndiyo inayomfaa zaidi mtu anayefundisha huku akirekodi, kwa sababu katikati yuko huru. Makosa yake ni ya kibinadamu: mtetemo unakuja, mtoto anatikisa mikono, mhudumu anamalizia sentensi yake, anatazama sekunde 4 baadaye, mtoto ametulia, anaandika "hapana". Fanya hivyo mara kumi na grafu imepinda. Vipande vikubwa kama dakika 5 havifai kwa tabia ya nadra na fupi. Itapita kati ya mitetemo bila kuonekana hata mara moja.

Kutumia simu ya mkononi badala ya saa hii tunakukatisha tamaa. Ujumbe unaingia, macho yanakwenda, na kliniki nyingi hazitaki simu binafsi karibu na mteja kwa sababu ya picha.

Sasa karatasi. Wapo wanaoiona ya zamani, lakini kwa mafunzo ya majaribio mezani, yaani mhudumu anatoa agizo, mtoto anajibu, zawadi inatolewa, karatasi iliyochapwa vizuri bado inashindana na programu ya bei yoyote. Neno "vizuri" ndilo lenye uzito. Karatasi nzuri ina mstari mmoja kwa kila lengo, visanduku 10 vyenye upana wa kutosha kuandikwa bila kuangalia sana, na juu yake: msimbo wa mteja, tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mahali, aliyerekodi, na maelezo ya tabia inayopimwa kwa maneno yaleyale ya mpango. Maelezo hayo yakikosekana, kila mhudumu anapima cha kwake. "Kupiga" ni nini? Mkono wazi au ngumi inayogusa mwili wa mtu mwingine? Na kusukuma? Na kumrushia mtu kiatu? Kwa tabia ndefu kama kilio, iandikwe pia inaanza lini na inaisha lini. Kwa mfano, kilio kimeisha pale mtoto anapokaa sekunde 30 bila sauti ya kulia. Bila mstari huo, kilio kimoja chenye mapumziko matatu ya kuvuta pumzi kitaandikwa mara 1 na Asha na mara 4 na Juma.

Alama ziwe chache. Jumlisha kwa jibu sahihi la mtoto mwenyewe, kutoa kwa kosa, na herufi kwa msaada: M wa kushikwa mkono, K wa kuoneshwa kwa kidole, N wa kusaidiwa kwa neno. Kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote ni kuhesabu jibu la msaada kama sahihi. Mtoto mwenye majaribio 10, akajibu 5 mwenyewe, 4 kwa msaada na 1 akakosea, ana asilimia 50. Mhudumu mwenye huruma anamwandikia 90. Mpango ukisema lengo linafungwa kwa asilimia 80, mtoto anapelekwa hatua ya mbele akiwa ameshika nusu tu ya hii, halafu watu wanashangaa mbona anagoma.

Kosa la pili ni kisanduku kitupu. Sifuri maana yake "nilitazama, haikutokea". Kistari maana yake "sikutazama". Kisanduku kitupu hakina maana yoyote, na atakayechora grafu atakigeuza sifuri. Tabia hatarishi inaonekana imekoma kwa siku tatu, kumbe mhudumu alikuwa mgonjwa.

Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke bado, andika sahihi pembeni, herufi za jina lako na tarehe. Rangi nyeupe ya kufutia haina nafasi hapa, wala penseli. Ukiandika kwa kuchelewa, sema hivyo: "imeingizwa saa fulani, baada ya kipindi". Takwimu ya kuchelewa iliyokiri kuchelewa inaweza kutumika kwa tahadhari. Iliyojifanya ya papo hapo haiwezi.

Kwa matukio yasiyohesabika kirahisi, karatasi ya safu tatu inatosha: kilichotangulia, tabia, kilichofuata. Andika kinachoonekana. "Mama aliingia jikoni na simu, mtoto alijilaza sakafuni akapiga teke kabati mara 3, mama alirudi akampa juisi" inamsaidia msimamizi. "Alikasirika kwa sababu anataka umakini" haimsaidii, kwani sababu ndiyo anayoitafuta yeye, na wewe umeshamjibia. Safu ya tatu ndiyo huachwa wazi mara nyingi, maana wakati huo mhudumu anatuliza mtoto, na ndiyo yenye habari nyingi kuliko zote.

Ubaya wa karatasi ni baada ya kipindi. Mtu lazima aingize tarakimu kwenye jedwali la kompyuta, na kila kunakili kunazaa makosa. Karatasi inalowa uji. Inasahaulika kwenye kiti cha nyuma cha gari ikiwa na habari za mtoto wa watu. Ubao wa sanduku, ule unaofunguka na kuhifadhi karatasi ndani, unagharimu zaidi ya ubao wa kawaida lakini unatatua nusu ya shida hii. Tunaupendekeza bila kusita.

Kishikwambi chenye programu kinauzwa kwa hoja moja kubwa, nayo ni ya kweli: grafu inajichora. Msimamizi aliye mji mwingine anaiona jioni ileile. Muda wa tabia unapimwa kwa kugusa mara mbili, asilimia zinapigwa bila kosa, na mabadiliko yanayofanywa baadaye huacha alama ya nani alibadilisha nini, ikiwa programu imejengwa vizuri. Muulize muuzaji hilo kabla ya bei. Muulize pia kama inafanya kazi bila intaneti, na takwimu zinakaa wapi mpaka mtandao urudi. Nyumba ya mteja yenye mtandao dhaifu iko Minnesota kama ilivyo Morogoro. La tatu: wahudumu wawili wakifungua kipindi cha mtoto mmoja kwa wakati mmoja, cha nani kinabaki? Jibu la kuzungukazunguka hapo ni sababu tosha ya kuondoka.

Tatizo la kishikwambi liko mkononi. Kwa watoto wengi ni zawadi kuu. Ukikishika kurekodi umemwonesha pipi na kumnyima, na tabia inayofuata umeisababisha wewe. Vitufe ni laini, huwezi kuvipapasa kama kaunta, hivyo kila alama inadai macho. Tena muhuri wa saa unaowekwa na programu ni wa kugusa kioo, si wa tukio. Mhudumu anayesubiri utulivu kisha akagusa mara 8 mfululizo anazalisha kumbukumbu yenye sekunde kamili na uongo kamili, na kwa sura yake nadhifu inaaminiwa kuliko karatasi yenye doa la chai. Tunapendelea wanaobonyeza kaunta wakati wa vurugu, kisha wakahamisha jumla kwenye kishikwambi kila baada ya dakika 15, saa ya mtetemo ikiwakumbusha.

Kuhusu maelezo ya kipindi, Marekani hapa ndipo pesa zinapokaa. Huduma ya RBT hudaiwa kwa msimbo wa malipo 97153, kwa vipande vya dakika 15, na kwa kanuni ya kawaida kipande cha mwisho kinahesabika kikifika dakika 8. Kipindi cha saa 3:10 hadi 5:02 mchana kwa saa za huko ni dakika 112, yaani vipande 7 na dakika 7 za ziada: vinalipwa 7. Kikiisha 5:03 vinalipwa 8. Dakika moja inabeba kipande kizima, kwa hiyo "saa 5 kamili" ya kukadiria si jambo dogo upande wowote. Ukaguzi wa ofisi ya mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya Marekani kuhusu jimbo la Indiana, uliotolewa Desemba 2024, ulikadiria malipo yasiyo sahihi ya tiba hii kuwa si chini ya dola milioni 56 kwa miaka 2019 na 2020, na kumbukumbu za vipindi zenye dosari zilikuwa sehemu ya kilichokutwa. Programu zinazokuruhusu kunakili maelezo ya jana na kubadilisha tarehe zinaokoa dakika 5 na kumweka mhudumu kwenye hatari hiyo. Zima kipengele hicho kama kinazimika.

Mzaliwa wa Afrika Mashariki anayefanya kazi huko ana mitego miwili ya ziada. Saa 9 alasiri kwetu ni 3 kwao, na mtu aliyechoka huandika anayoifikiria. Weka AM au PM kila mara. Na 04/07 kwao ni Aprili 7, si Julai 4. Andika mwezi kwa herufi, mjadala uishe.

Siri za mteja nazo zina sheria: HIPAA, sheria ya Marekani ya faragha ya taarifa za afya, kule, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 Kenya, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 Tanzania. Wengi hudhani herufi za kwanza za jina zinatosha kumficha mtoto. Chini ya HIPAA hazitoshi. Bado zinahesabika kuwa kitambulisho. Tumia msimbo usiotokana na jina, na orodha ya misimbo ikae kwenye kabati lenye kufuli, mbali na karatasi zenyewe. Picha ya karatasi kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi ni jambo la kawaida mno, na halina utetezi.

Kituo kidogo cha Nairobi au Dar chenye wahudumu wanne kisianze na programu ya kulipia. Kinunue kaunta nane za kidole, saa nne za mtetemo, mbao nne za sanduku za kubania karatasi, na kitengeneze karatasi zake chenyewe kwa jedwali la kompyuta linalochora grafu. Baki ya fedha iende kwenye saa za msimamizi, kwa sababu kuna kipimo ambacho hakuna kifaa kinachokifanya: watu wawili kumrekodi mtoto mmoja kwa wakati mmoja bila kutazamana karatasi. Gawanya hesabu ndogo kwa kubwa, zidisha kwa 100. Chini ya asilimia 80 kuna tatizo. Lakini usiishie kwenye jumla. Wa kwanza akiandika 10 nusu saa ya kwanza na 10 ya pili, na mwenzake 15 na 5, wote wana 20, makubaliano asilimia 100. Ukilinganisha kwa nusu saa, ni 67 na 50, wastani 58. Hawakuwa wakiona kitu kimoja. Katika hali hiyo usibadilishe kaunta; rudini kwenye maelezo ya tabia, myasome kwa sauti, mrekodi tena dakika 10 mkiwa mmekubaliana kama kiatu kilichorushwa kinahesabika.